Mbwa wa Sinyora anakula nusu ya mshahara wangu, na sasa miguu inampinda

Shikamoo Bi Mshauri.

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na watoto watatu, na huu ni mwaka wa saba natunza nyumba ya Mtaliano hapa Malindi, upande wa barabara ya Casuarina. Nakata nyasi, nasafisha bwawa la kuogelea, usiku nalinda. Tunaishi vyumba viwili vya nyuma, ndani ya ua huo huo. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, sote twamwita Sinyora, na sina baya la kusema juu yake. Huja Desemba kaskazi ikishashika, na mwaka huu alirudi tena katikati ya mwaka kwa wiki chache. Ndipo alipoleta mbwa.

Ni jike, German Shepherd, alikuja akiwa na wiki tisa. Sinyora akampa jina Luna. Siku ya chanjo daktari alimpima, alikuwa kilo saba. Sinyora akaniachia mfuko wa kilo 15 wa chakula cha mbwa wachanga, akasema kila mwezi atanitumia shilingi 7,500 kwa M-Pesa ninunue mwingine, akapanda ndege. Mshahara wangu mimi ni 15,000.

Bi Mshauri, sijawahi kufuga mbwa maishani. Sisi ni Waislamu, baba mkwe wangu ni mzee wa Mambrui, na tangu Luna aingie humu hajakanyaga kwangu. Lakini kazi ni kazi. Kwenye mfuko kuna jedwali la Kiingereza, gramu upande mmoja na vikombe upande wa pili. Mzani sina, nikashika vikombe. Nikachukua kikombe cha bati, kile kikubwa cha uji, nikaanza na viwili kwa siku. Mwezi wa nane jedwali likasema vitatu, nikampa vitatu: asubuhi, mchana na jioni, kila kimoja kimejaa mpaka punje zinamwagika, maana sikutaka jirani ampigie Sinyora simu aseme mbwa wake analala njaa. Mfuko wa kwanza ulimaliza mwezi na siku kadhaa. Wa pili uliisha siku ya 23.

Siku zilizobaki nikampikia sima na dagaa. Mke wangu alikataa katakata sufuria yake kupikiwa mbwa, ikabidi ninunue nyingine.

Mwisho wa mwezi huo shule zikawa zinafunguliwa muhula wa tatu, na mwanangu wa pili akarudishwa nyumbani kwa deni. Jioni hiyo hiyo pesa ya Luna ikaingia kwenye simu. Mke wangu akaiona. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu, "Baba watoto, mbwa anakula nusu ya mshahara wako, na mtoto yuko nyumbani kwa elfu tatu." Nikatoa elfu tatu. Kwa hizo 4,500 zilizobaki nilinunua chakula cha kupimiwa, kilo tisa, na kilichopungua mwezi ule nikakijaza kwa sima, dagaa, maziwa na mabaki ya buchani, mifupa ikiwemo. Sinyora akapiga simu ya video, akamuona Luna amejaa, akafurahi mno akanishukuru. Hizo shukrani ndizo zilizonikosesha usingizi.

Mwezi wa kumi nimenunua mfuko mzima, ila nauchanganya na sima ili ufike mwisho wa mwezi. Jirani yangu, askari wa nyumba ya tatu ambaye amefuga mbwa miaka mingi, akaniambia mbwa wa umbo hili asipopewa kalsiamu mifupa haishikani. Akanipeleka duka la dawa za mifugo, nikauziwa unga wa mifupa. Nampa kijiko kikubwa kila siku, hii ni wiki ya tatu. Mwingine akasema mayai mabichi. Mwingine akasema kitunguu saumu kinaua minyoo, nikampa mara mbili.

Sasa Luna ana miezi mitano. Nilimbeba nikapanda naye mzani wa duka la jumla, nikatoa uzito wangu, nikapata kilo 22. Kiuno hana. Na wiki mbili hizi miguu ya mbele imeanza kupinda, nyayo zimelala bapa kama za bata, na asubuhi akiinuka anachechemea.

Sijui nimempa kidogo au nimempa kingi. Kila mtu ana lake. Na Desemba ni kesho kutwa. Nikimwambia Sinyora habari ya miguu, ataniuliza alikula nini. Nikimwambia alichokula, ataniuliza pesa zilienda wapi. Miaka saba ya uaminifu itazama kwa elfu tatu. Mke wangu anasema ninyamaze, nimpe mbwa dawa ya maumivu ya dukani, miguu itanyooka yenyewe akikua. Mimi nikimuona Luna anavyonikimbilia langoni huku anachechemea, naona ni kama mtoto wa watu niliyekabidhiwa nikamharibu.

Nielekeze, mama yangu.

Niliyebanwa, Malindi

*

Marahaba, mwanangu.

Miaka mingi kabla sijakaa kwenye meza hii ya kujibu barua, nilizunguka vijiji vya Ganda na Kakuyuni nikichanja ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo utanisamehe nikianza na kikombe kabla ya kufika moyoni.

Unataka kujua Luna ale nini na kiasi gani, kama ni wewe uliyempinda miguu, na umwambie nini mwenye mbwa. Umeyafunga yote kwa kamba moja, ndiyo maana hayafunguki. Na lipo la mama watoto, ambalo hukuliuliza. Nitalifikia.

Kikombe kilichoandikwa kwenye mfuko ule hakihusiani na uji. Ni kipimo cha jikoni cha Wamarekani, mililita 240 hivi. Kikombe chako cha bati, kama ni kile ninachokijua mimi, ni nusu lita, na ukikijaza mpaka punje zimwagike kinapita hapo. Kila ulipompa kimoja ulimpa viwili na ziada. Bibi zetu walipima nafaka kwa kibaba, vibaba vinne vikawa pishi, na mnunuzi mwerevu hakukosa kuuliza: pishi ya nani? Maana ya duka hili haikuwa ya duka lile. Wewe hukuuliza kikombe cha nani, wala aliyekuachia mfuko hakukuambia uulize.

Hesabu yenyewe imo kwenye barua yako. Kilo 15 kwa siku 23 ni gramu 650 kwa siku. Wataalamu hukadiria hivi: hutazama uzito wa mbwa, wakapata nishati anayoitumia akiwa amelala tu, kisha kwa mtoto anayekua huizidisha mara tatu hadi atimize miezi minne, na mara mbili baada ya hapo, wakiipunguza kidogo kidogo kadiri anavyokaribia utu uzima. Jike wa aina ya Luna akikomaa huwa kati ya kilo 22 na 32. Yeye amezifikia 22 akiwa bado na meno ya utotoni mdomoni! Kwa umri wake na umbo analotakiwa kuwa nalo, chakula kikavu chenye kalori 370 hivi kwa kila gramu 100 kingemtosha kama gramu 300 kwa siku. Chako kina kalori ngapi utaona imeandikwa nyuma ya mfuko, karibu na jedwali. Gramu 300 ni mahali pa kuanzia tu, maana mbwa wawili wa tumbo moja hawali sawa.

Kwa gramu 300, mfuko wa kilo 15 unakaa siku 50.

Rudia kuisoma sentensi hiyo, mwanangu. Miezi hii yote umeishi ukiamini Sinyora ametuma pesa kidogo na wewe umezipunguza zaidi. Luna hukumpunja chakula. Ulimzidishia, mfuko ukaisha kabla ya siku zake, ukaona pengo, ukaliziba kwa sima.

Najua utasema: lakini Sinyora mwenyewe alifurahi kumuona amejaa. Sisi nasi mtoto akiwa na mashavu tunasema mashaallah, na mama yake anavimba kichwa. Kwa mbwa wa umbo kubwa mambo yako kinyume. Mifupa yake ingali na ncha laini ambazo hazijafunga, na hazifungi mpaka mwaka au zaidi. Kila kilo ya ziada inakaa juu ya hizo ncha. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2002 juu ya mbwa 48 aina ya Labrador, waliofuatwa tangu wiki nane hadi kufa. Waliwekwa wawili wawili wa tumbo moja, mmoja akapewa robo pungufu ya mwenzake. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na ugonjwa wa viungo ukachelewa kuwafika. Hao wenzao hawakuwa wakilishwa mara mbili kama Luna.

Basi usitegemee macho ya mtu kwenye simu. Tumia mkono wako. Kunja ngumi, pitisha kidole cha mkono wa pili juu ya vifundo: mbavu zikitokeza hivyo, mbwa amekonda. Fungua kiganja, bonyeza pale penye nyama chini ya vidole: mbavu zikizama hivyo, amenenepa. Sasa geuza mkono, unyooshe, pitisha kidole juu ya mgongo wa mkono huo. Mifupa huioni, lakini unaihisi bila kubonyeza. Mbavu za Luna zinatakiwa ziwe hivyo, na ukisimama juu yake uone kiuno kinaingia. Mpime hivyo kila Ijumaa, upande naye mzani kila wiki mbili. Mkono ukikwambia amekonda, ongeza gramu 20 au 30. Ukikwambia amenenepa, punguza. Ni kipimo bora kuliko jedwali lolote.

Sasa miguu.

Unga wa mifupa uache leo. Jirani yako hakukudanganya, ila amekupa jibu la swali lake. Mbwa anayelelewa kwa sima na utumbo wa buchani hupungukiwa kalsiamu kweli, kwa sababu nyama na nafaka zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana; mwili huanza kuitoa kwenye mifupa, na mifupa inalainika, inapinda, hata kuvunjika. Kwa mbwa wa namna hiyo ushauri wake una maana. Lakini mfuko wa mbwa anayekua umeshatiwa kalsiamu ya kutosha, na dagaa wanaoliwa na miiba yao wanaongeza nyingine, na wewe ukaweka kijiko kikubwa juu. Mbwa mzima utumbo wake hukataa kalsiamu asiyoihitaji. Mtoto hajapata huo mlango wa kukataa. Kinachoingia kinanyonywa, na kikizidi huvuruga ukuaji wa mifupa yenyewe. Kwa hiyo miguu hupinda kwa uchache na hupinda kwa wingi, na kwa kutazama tu hakuna wa kukuambia ni upi umempata Luna.

Lakini hapa nataka nikuulize swali. Umejuaje kuwa ni chakula? German Shepherd wa miezi mitano hadi mwaka na nusu huchechemea kwa sababu nyingi. Kuna maumivu ya ndani ya mifupa mirefu ambayo huja, huhama mguu hata mguu, na hupita. Kuna kasoro za nyonga na viwiko za kurithi, ambazo hata mbwa wa nyumbani kwa daktari huzipata. Na kuna nyayo zinazolala kwa sababu tu mwili umekimbilia uzito kabla mishipa haijakaza, hizo mara nyingi huinuka chakula kikirekebishwa. Wewe umejihukumu, ukajifunga, kabla ya shahidi kuitwa. Shahidi ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Ukikosa pa kuanzia, ofisi ya mifugo ya kaunti itakuonyesha. Apelekwe wiki hii, asingoje Desemba.

Na tafadhali, dawa ya maumivu ya dukani asipewe. Paracetamol, ibuprofen, diclofenac, hizi tunazomeza sisi tukiumwa mgongo zinaweza kumharibu mbwa ini, tumbo na figo. Mama watoto hakujua, na watu wengi hawajui.

Kuhusu kile atakachokula kuanzia kesho, unazo njia kadhaa na hakuna isiyo na gharama. Iliyo nyepesi ni kubaki na mfuko ule ule na kupima sawasawa. Usimwachishe sima kwa ghafla. Mpunguzie kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, vinginevyo utashinda unadeki. Endelea na milo mitatu mpaka atimize miezi sita, kisha milo miwili, na baada ya kula atulie. Mbwa wenye kifua kirefu kama hawa tumbo huweza kujaa hewa na kujipinda, na hilo huua kwa saa chache. Ukitaka kumpa kitu cha mkononi, kisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Kwa Luna hilo ni yai moja la kuchemsha na vipande viwili vya boga. Yai bichi silipendi, kwa ajili ya vijidudu, na maziwa humharisha mbwa aliyekwisha kuacha ziwa.

Njia ya pili ni mfuko wa bei nafuu. Ipo, na mingine ni mizuri, mradi iwe imeandikwa kwamba ni chakula kamili cha mbwa anayekua, pamoja na mbwa wa umbo kubwa. Iliyoandikwa kwamba ni ya mbwa wazima iache mpaka avuke mwaka. Ile ya kupimiwa kilo kilo kutoka gunia lililo wazi mimi inanitia wasiwasi hapa kwetu pwani, na joto hili na unyevu huu. Mafuta yake huchacha, ukungu huingia. Hata mfuko wako ufunge vizuri, uuweke juu ya ubao mahali pakavu, usiuegemeze ukutani.

Ya tatu ni kumpikia. Baba yangu alikuwa na mbwa wa kuchungia mbuzi, wakila ukoko wa sima na vichwa vya samaki, wakaishi. Nasema hivi kwa sababu najua wapo watakaosoma barua yako na kucheka: mbwa gani apimiwe gramu? Lakini wale walikuwa mbwa wetu wadogo wakavu wa kilo kumi na tano, na waliokufa wachanga hakuna aliyewahesabu. Kumpikia mbwa mkubwa anayekua kunawezekana, ila mpango wake uandikwe na daktari kwa vipimo, ukijumlisha na mkaa au gesi huenda usiokoe hata shilingi. Na unga ukiwa na ukungu hata kidogo, tupa. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, hasa Makueni na Kitui, kwa mahindi yenye sumu ya aflatoksini, na mbwa sumu hiyo humuua upesi kuliko mtu.

Kitunguu saumu kisirudi tena, wala kitunguu maji. Vyote viwili huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, kwa hiyo mchuzi wa jana na pilau ya harusi si vyake, na pilau ikiwa na zabibu kavu ni mbaya zaidi. Minyoo ina dawa yake, na umri huu hupewa kila mwezi mpaka miezi sita; ulizia hilo na chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo, una watoto ndani ya ua. Mifupa iliyopikwa hupasuka ikawa sindano. Na ukimpeleka ufukweni mshike kamba: samaki bunju aliyetupwa mchangani na wavuvi anaua mbwa kama anavyoua mtu, na kupika hakuondoi sumu yake.

La sufuria sitaingia sana, nyinyi mna mashehe wenu. Ila chakula cha mfuko hakihitaji sufuria ya mtu. Kina kopo lake, kinamiminwa bakuli la mbwa, na bakuli lina bomba lake nje. Huenda mzee wa Mambrui akiona mambo yana mipaka yake, na mbwa ni wa kulinda nyumba, atakunywa chai kwako tena. Mwambie mkeo azungumze naye kwanza. Wewe ukianza utaonekana unamtetea mbwa.

Nimefika kwa mama watoto. Umeandika kama vile yeye anampinga Luna. Mimi nikiyasoma maneno yake simuoni mbwa kabisa, naona mshahara. Tangu Julai umeongezewa kazi: kulisha mara tatu kwa siku, kusafisha, kwenda kwa daktari, kuamka usiku. Hukuongezewa hata senti. Kisha kila mwisho wa mwezi simu inalia na nusu ya mshahara wako inapita mikononi mwako ikienda kwenye bakuli. Mwanamke aliyesema neno moja kwa utaratibu siku mtoto amerudishwa shule, mimi simhesabu kuwa mkorofi. Je, mmewahi kuketi mkalizungumza hilo lenyewe, mbali na mbwa?

Na Sinyora. Hapa sitakuamulia, kwa sababu nikikosea mimi sitafukuzwa kazi, utafukuzwa wewe. Lakini tuzitazame njia zako.

Unaweza kunyamaza ukarudisha kimya kimya. Hesabu mpya inakuruhusu, na inaruhusu kwa namna ya ajabu: mfuko wa 7,500 ukikaa siku 50, kila siku 30 Luna anakula shilingi 4,500. Zinabaki elfu tatu, pesa ile ile uliyoichukua. Mwezi mmoja tu na deni limezibika bila mtu kujua. Hatari yake ni mwezi unaofuata, pesa ya ziada itakapoingia tena na hakuna deni la kuziba. Utaipeleka wapi? Ya kwanza ilichukuliwa kwa dhiki. Ya pili itakuwa imezoeleka. Na Luna akikua gramu zitapanda, ziada itapungua, na hapo utaanza tena kuchanganya sima.

Unaweza kumwambia habari ya miguu peke yake, ukaacha pesa. Huenda ikapita. Ila daktari atataka kulipwa, pengine na picha ya eksirei, kwa hiyo simu kwa Sinyora huikwepi, na swali la kwanza la daktari litakuwa lile lile unaloliogopa: alikuwa akila nini? Unga wa mifupa na sima usipovitaja, daktari atatibu mbwa mwingine.

Au unaweza kusema yote mapema, angali Ulaya, kabla hajamuona Luna tena kwa macho yake. Hiyo ina hatari iliyo wazi, na mtu akikuambia haina, hajawahi kufanya kazi nyumbani kwa mtu. Ila nikuulize: unamjua Sinyora miaka saba. Amewahi kumfukuza mtu kwa kosa alilolileta mwenyewe mkononi? Na amewahi kumbakiza mtu aliyekamatwa? Majibu unayo wewe. Kama utasema, nadhani kikombe kina nafasi kubwa kuliko unavyofikiri. Mpe hesabu yote: nilikosea kipimo hivi, chakula kikaisha siku hii, elfu tatu nilizitumia kwa shule siku hii, nitazirudisha hivi, na kuanzia sasa mfuko unafika siku 50, kwa hiyo usinitumie 7,500 kila mwezi. Mtu anayeambiwa kwamba anatuma pesa nyingi mno hupata la kufikiri.

La mshahara nalo lina haki ya kusemwa. Mimi ningelitenga na siku hiyo, maana yakiketi pamoja moja litaonekana kisingizio cha jingine. Lakini wewe ndiwe unayejua kama utapata siku nyingine.

Lolote utakaloamua, kesho asubuhi nenda kwenye lile duka la jumla na kikombe chako cha bati na chakula kidogo kwenye mfuko wa karatasi. Kikombe kipimwe kitupu kwanza. Kisha kijaze kama ulivyozoea kumjazia Luna, kipimwe tena, utoe. Ukirudi, tafuta kopo la maziwa ya unga, mimina gramu mia ndani, piga mstari kwa msumari pale chakula kinapoishia. Mara tatu kwa siku, mpaka kwenye mstari. Niandikie tena baada ya mwezi, uniambie mzani umesema nini, na kama bado anachechemea akija langoni.